Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha sigara

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna haja ya kujiandaa, au uiache sigara leo leo kama ulivyofanya mwaka jana, ukairudia kabla wiki haijaisha. Jiandae, ila maandalizi yasigeuke kichaka cha kujifichia. Chagua tarehe isiyozidi wiki 2 kuanzia sasa, uiandike.

Siku hizo za kusubiri, kazi yako ni kujichunguza. Kila ukiwasha, andika ni saa ngapi, uko na nani, na kilichokufanya uwashe. Nyingine utaona huzihitaji hata kidogo: umewasha kwa sababu simu imeita, au mwenzako kawasha. Ya kuiangalia sana ni ile ya asubuhi. Kama unaivuta ndani ya nusu saa tangu ufumbue macho, mwili umeshakamatwa na nikotini, na hapo usitegemee ujasiri peke yake. Muone daktari au mfamasia mapema. Kuna chingamu na plasta za nikotini, na kuna vidonge kama vareniklini ambavyo kwa kawaida huanzwa wiki 1 hadi 2 kabla ya siku ya kuacha. Mtajie na dawa nyingine zozote unazotumia, kwani zipo ambazo kipimo chake hubadilishwa mtu akiacha kuvuta.

Halafu kahawa. Nakujua wewe na kahawa! Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kafeini upesi. Ukiacha, vikombe vile vile vitakukaa mwilini muda mrefu zaidi. Utakosa usingizi, mikono itatetemeka, nawe utasema ni arosto, yale mateso ya kuikosa sigara. Punguza nusu.

Siku 3 za mwanzo huwa kali kuliko zote. Hamu ikikupanda, aghalabu hudumu dakika chache tu, basi inuka, nywa maji, tembea kidogo. Hasira nazo zitakuwepo, kwa hiyo mkeo aijue tarehe mapema, asije akadhani kakukosea jambo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, tupa zote pamoja na kiberiti, na ile pakiti ya akiba iliyoko kwenye gari. (Najua ipo.)

Ukishapanga tarehe, nitumie. Nitakupigia jioni yake, hata ukinijibu kwa ukali sitajali, nimekulea, nakufahamu.

Mama yako