Nani anaandika hukumu ya jaji wa Marekani?

SWALI: Ndugu wakili, dada yangu anaishi Ohio. Ombi lake la hifadhi lilikataliwa, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji nayo ikamkatalia, na sasa yuko mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Cincinnati. Wakili wake anasema jalada litasomwa kwanza na kijana aliyemaliza chuo cha sheria juzijuzi, na huenda huyo huyo ndiye atakayeandika rasimu ya hukumu. Je, ni halali? Na tunaweza kumpigia huyo kijana tukamweleza hali ilivyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni halali. Ila tafadhali sana, msimpigie. Msaidizi wa sheria wa jaji haruhusiwi kuzungumzia shauri na upande mmoja bila mwingine kujua, na simu ya namna hiyo inaweza kumharibia dada yako. Masuala ya tarehe na ada yapo kwa karani wa mahakama, ofisi nyingine kabisa, na hata huko ni afadhali apige wakili wake.

Utaratibu wenyewe ni wa siku nyingi. Jaji Horace Gray alipoingia Mahakama ya Juu, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alichukua vijana wa Harvard wamsaidie na kuwalipa kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1886 Bunge lilitenga dola 1,600 kwa mwaka kwa msaidizi wa kila jaji. Siku hizi jaji wa rufaa huwa na wasaidizi wanne hivi, wengi wao wakikaa mwaka mmoja au miwili. Nafasi hizo hugombewa na wanafunzi waliofaulu vizuri sana, kwa hiyo msidhani jalada limeangukia mikono dhaifu.

Tuseme jaji wa uhamiaji aliandika kwamba maelezo ya dada yako yanagongana. Msaidizi atasoma hoja za pande zote mbili, ambazo kila moja inaweza kufika maneno 13,000, kisha atafungua kumbukumbu za shauri kwenye kurasa zilezile zinazobishaniwa aone kama kweli yanagongana. Hapo humwandikia jaji wake waraka wa ndani: mambo yalivyokuwa, sheria inasemaje, hoja ipi ina uzito. (Baadhi ya rufaa hupita kwanza kwa mawakili walioajiriwa na mahakama yenyewe, kazi yao inafanana na hiyo.) Wanaoamua ni majaji watatu. Wakishakubaliana, mara nyingi msaidizi hupewa rasimu aandike, na jaji huikata, huibadilisha au huiandika upya. Wapo pia majaji wanaoandika wenyewe tangu mwanzo.

Je, waraka humfunga jaji? Hapana. Mwaka 1952 William Rehnquist, akiwa msaidizi wa Jaji Robert Jackson, aliandika waraka uliotetea uamuzi wa 1896 ulioruhusu ubaguzi wa rangi. Baadaye alidai kwamba aliandika mawazo ya jaji, si yake. Vyovyote ilivyokuwa, mwaka 1954 Jackson aliungana na wenzake wote kuupiga marufuku ubaguzi huo katika shule za umma.

Mahali ninapoona wasiwasi wako una msingi ni Mahakama ya Juu. Tangu miaka ya 1970 majaji wengi wa pale wamekuwa wakichangia wasaidizi: mmoja husoma ombi la rufaa na waraka wake husambazwa kwa majaji wote walio katika mpango huo. Maombi ni maelfu kwa mwaka, yanayosikilizwa kikamilifu ni kama sitini tu. Jaji Stevens hakujiunga, na Alito alijitoa mwaka 2008. Naamini walifanya vyema, kwani ombi la mtu linastahili kusomwa na zaidi ya mmoja.

Kwa dada yako, fanyeni hivi: mwombeni wakili aweke namba ya ukurasa wa kumbukumbu kando ya kila dai analotoa. Msaidizi atauendea ukurasa huo, na asipoyakuta yaliyodaiwa, waraka wake utamweleza jaji hivyo.