Kurudia kemia? Tazama kwanza alama zilipotelea wapi

Mdogo wangu, umepata C ya kemia na ndoto yako ni famasia, basi naelewa kwa nini hulali. Kabla ya kulipia mtihani, uliza chuo unachokitaka kama kinapokea matokeo ya kurudia. Vingine hutaka alama zote zipatikane kwa mkupuo mmoja.

Kama ulianguka kwenye hesabu za moli (kipimo cha kiasi cha dutu) na titresheni (kupima mkolezo wa myeyusho kwa kuongeza mwingine kidogo kidogo), rudia bila woga. Hizo hunyooka kwa mazoezi, hasa ukianza na kusawazisha milinganyo ya kikemia, maana uwiano wa moli hutoka humo humo. Kemia ogani, yaani ile ya misombo ya kaboni, ikiwa ngeni yote, tafuta mwalimu na ujipe miezi kadhaa. Lakini kama C yako inatosha kuingia, mimi ningeenda chuo.