Pikapu mzee: kabla fundi hajakwambia injini imekufa

Swali ambalo naulizwa kila mara na vijana wanaotafuta pikapu ya kubebea mzigo ni hili, "kaka, hii imetembea laki tatu na ushee, bado iko na maisha kweli?" Na mimi huwajibu wacha hiyo geji. Hizi gari tunazozungumzia, Hilux za dizeli za 2L na 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), Isuzu TFR ya injini ya 4JA1, Nissan Hardbody yenye injini ya TD27, ni gari za miaka ya 1980 na 1990, geji nyingi zilisimama zamani, zingine dashibodi nzima imetolewa gari ingine, kwa hivyo hiyo nambari unayosoma hapo haikusaidii kitu. Mi nshaona 3L ya laki tano inapanda kilima cha Mazeras na mchanga nyuma bila kulalamika, na nshaona ya laki mbili imechinjwa na mwenyewe. Haziuliwi na kilomita, zinauliwa na joto na oili isiyobadilishwa.

Ukienda kuangalia gari nenda asubuhi, na usimwambie muuzaji saa utakayofika. Kitu cha kwanza weka mkono kwenye boneti, kama iko moto basi ishawashwa kabla uje, jiulize kwa nini. Unataka iwashwe mbele yako ikiwa baridi, wewe umesimama nyuma unaangalia ekzosi. Moshi mweusi si kesi kubwa, mara nyingi ni filta ya hewa imeziba ama nozo za kunyunyizia dizeli zimechoka. Moshi wa bluu usioisha hata injini ikipata moto ni oili inaungua. Mweupe wa asubuhi unaonuka dizeli kisha ukapotea hiyo samehe, lakini mweupe wa kudumu na huku maji yanapungua kwenye rejeta, hapo ni gasketi ya hedi (kile kichwa cha injini) ama hedi yenyewe imepasuka. Alafu injini ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha oili ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo sawa, dizeli mzee lazima ihemeheme. Kikirushwa kando na moshi ukatoka mfululizo, ringi za pistoni zimekwisha, ovahoo (kufungua injini yote na kuitengeneza upya) iko njiani na bei uishushe ama urudi nyumbani.

Sasa hili la joto, hapa ntakaa kidogo maanake ndio ugonjwa wetu sisi wa pwani. Kwanza maji. Watu wanajaza rejeta na maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani Mombasa vina chumvi, unaonja tu unajua. Yale maji yanakula alumini, yanaacha ukoko ndani ya njia za rejeta, baada ya muda gari inachemsha ukifika Jomvu tu na mzigo. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, hata ya betri, nusu kwa nusu, na ubadilishe, si kuongeza tu kila siku. Kama unaongeza kila siku kuna mahali yanakwenda.

Pili thamostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Fundi akikwambia "Mombasa joto, hii tuitoe tu", mwambie airudishe. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto fulani, ikiwa baridi sana inakula mafuta na kumaliza silinda, na kwenye injini zingine ile thamostati ikifunguka ndio inafunga njia ya mkato, kwa hivyo ukiitoa maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta na gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Tatu feni. Zima injini ikiwa moto, zungusha feni na mkono, ikizunguka yenyewe bure kabisa ile kapilingi yake imekufa. Na sindano ya joto ikipanda usiseme ngoja nifike, simama hapo hapo. 2L hasa ile yenye tabo (turbo) inajulikana kwa kupasuka hedi, haina msamaha.

Belti nayo uliza mapema. 2L, 3L na 5L zote zina belti ya taiming, inabadilishwa kila kilomita laki moja, kuna hata taa ya T-BELT kwenye dashibodi nyingi na kuna wauzaji huitoa balbu. Ikikatika njiani valvu zinagonga pistoni. TD27 yeye anatumia gia, hiyo shida hana. Kama hujui ilibadilishwa lini basi haikubadilishwa, nunua belti na tensheni yake siku ile ile.

Jirani yangu alinunua Hilux ya 3L, asubuhi inapigwa stata mpaka betri inalia ndio iwake, mchana haina shida. Fundi kamwambia kompresheni imeisha, lete pesa ya ovahoo. Tukatazama ekzosi wakati wa kupiga stata, hakuna moshi hata kidogo. Sasa hapo ukifikiria, kama dizeli ingekuwa inafika na haichomeki ungeona moshi mweupe. Kutokuwa na moshi maana yake dizeli haifiki. Tukaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, asubuhi yake ukiangalia ni mapovu matupu. Ilikuwa inavuta hewa, usiku dizeli inarudi tangini, na chanzo ni mpira mkavu uliopasuka pale kwenye filta. Mpira na klempu mbili, kwisha. Ingekuwa moshi mweupe ningeanza na hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, chomoa waya wake, shika taa ya kupimia kutoka chanya ya betri uguse kichwa cha plagi, ikiwaka plagi nzima. Hizi plagi kwa joto letu zinaweza kufa mbili na usijue, mpaka siku upeleke mzigo Limuru kwenye baridi ulale huko.

Giaboksi ndio inasingiziwa zaidi. Kabla ukubali ishushwe fanya hivi: gari iko fri, injini inanguruma, mguu hauko kwenye klachi. Ukisikia mlio na ukikanyaga klachi ukapotea, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele ndani ya giaboksi. Ikiwa kimya na ukikanyaga ndio inalia, ni beringi ya klachi, giaboksi haihusiki. Gia zote zikiwa ngumu kuingia, rivasi inakwaruza, angalia masta na slevu silinda za klachi kwanza kama zinavuja, ni vitu rahisi. Ikiwa ni ya pili peke yake inayokwaruza, hapo sinkro (ringi inayolainisha gia kuingia) imechoka, na gia inayotoka yenyewe ukiteremka bila kukanyaga mafuta hiyo kweli ni ya kufungua. Ile "kop!" ya kuondoka nayo ni krosi za propela, ingia chini uitikise na mkono.

Kupima klachi kama inateleza, vuta handbreki sawasawa, weka gia ya nne, achilia klachi taratibu. Injini ikizima klachi iko. Ikiendelea kunguruma umepata jibu.

Oili ya giaboksi usimwachie mtu akutilie iliyoko dukani. Kuna daraja za oili za GL-4 na GL-5, na ile GL-5 ya difu (gia za ekseli ya nyuma) kwenye giaboksi zingine haiendi vizuri na sinkro za shaba, na Isuzu zingine za zamani giaboksi yao inatumia oili ya injini kabisa, si nzito. Angalia kitabu cha gari yako, si ya jirani.

Na kabla hujatoa hata shilingi soma nambari iliyopigwa kwenye bloku ulinganishe na logbuku, maanake pikapu hizi nyingi zishabadilishwa injini. Si kosa kubadilisha, mradi imeandikishwa NTSA, ile mamlaka ya kusajili magari, na muuzaji aifanye yeye kwanza, wewe ukiwa bado na pesa zako mfukoni.