Maswali ya Wasomaji: Landrova ya marehemu baba, moshi wa bluu na gia inayochomoka

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1978 niliyoachiwa na marehemu baba, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Ninapoteremka kutoka Isongole kwenda Kiwira na kuachia mafuta, gia ya pili huchomoka yenyewe, na nikikanyaga tena mafuta huku chini, gari hutoa wingu la moshi wa bluu. Likipanda mlima halitoi moshi. Fundi wangu amepima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda), akapata psi kati ya 118 na 122 kwenye silinda zote nne. Kwa kuwa kitabu chake kinataja 150, anasema injini imekwisha na ananishauri niweke injini ya dizeli ya Toyota pamoja na giaboksi yake. Nifanyeje? — Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiuze hata gunia moja la viazi kwa ajili ya injini nyingine kabla hujasoma hadi mwisho, kwa sababu barua yako yenyewe inaitetea injini hiyo.

Tuanze na kipimo. Takwimu za kitabu ni za gari lililo usawa wa bahari, nawe uko juu ya mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 81 tu ya ule wa pwani. Silinda hugandamiza hewa iliyopo, haiumbi nyingine. Kwa hiyo 150 ya kitabu huwa takriban 120 huko kwenu, na silinda zako nne zimekaribiana vizuri sana. Nimeona injini nzima zikifunguliwa Mbeya na Iringa kwa kosa hilihili.

Moshi nao unasema jambo lilelile. Ringi zikichoka, oili huungua injini inapovuta mzigo, yaani mlimani. Lakini unapoteremka ukiwa umeachia mafuta, kabureta inakuwa imefungwa na injini inafyonza kwa nguvu, hivyo oili hupenya kwenye valvu gaidi (mirija ambamo valvu hupanda na kushuka) zilizolika na kujikusanya, kisha huungua mara unapokanyaga tena. Kwa maelezo yako, kinachohitaji kufunguliwa ni silinda hedi: wekeni gaidi na sili mpya, sageni valvu, basi.

Hedi ikiwa nje, fundi apime silinda kwa kipimo cha ndani, si kwa kidole. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 90.47. Ikionekana kwamba bloku lazima lichongwe, nunua kwanza pistoni kubwa zaidi, za ishirini au arobaini (yaani zilizozidi kipimo cha kiwandani kwa sehemu 20 au 40 za elfu moja ya inchi), ndipo upeleke bloku na pistoni pamoja kwa mchongaji, ili kila tundu lichongwe kulingana na pistoni yake. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye hujikuta ana bloku lisilo na wenzake. Jihadhari pia na krenkshafti za kuokota: injini ya 1978 ina beringi kuu tatu, ilhali tangu 1980 injini hizo zilitengenezwa kwa beringi tano, na krenki hizo mbili haziingiliani.

Sasa giaboksi. Gia inayochomoka mteremkoni mara nyingi husababishwa na springi dhaifu zinazokandamiza gololi kwenye vyuma vya kuchagulia gia. Springi hizo ni za bei ndogo na hufikiwa kwa kufungua sakafu ya kabini, bila kushusha giaboksi, kwa hiyo zibadilishwe kwanza. Kagueni pia raba za kukalia injini na giaboksi. Tatizo likiendelea, inashukiwa bushi ya gia ya pili na ya tatu kwenye shafti kuu, na hapo giaboksi itatolewa kupitia ndani ya kabini, baada ya kuondoa sakafu na sanduku la viti, injini ikibaki mahali pake. Ikishatoka, badilisha palepale klachi na bushi iliyo nyuma ya krenki, na uangalie kama sili ya oili ya nyuma ya krenki inavuja, maana kazi ya kuitoa mara ya pili utailipia upya. Ukiletewa giaboksi ya Series IIA, ujue kwamba haina sinkro (kifaa cha kulainisha kuingia kwa gia) kwenye gia ya kwanza na ya pili.

Kuhusu Toyota, sina chuki nayo. Ni injini nzuri ndani ya Toyota. Kwenye Landrova, boksi la gia nzito (linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) limeshikana na giaboksi, na breki ya mkono iko nyuma ya boksi hilo, si kwenye magurudumu. Ukiiondoa giaboksi utapoteza vyote viwili, au utalipia vyuma vya kuunganishia. Difu zake nazo zimekaa upande wa kulia, si katikati, hivyo propela itakaa mshazari. Tena kadi ya gari ina namba ya injini, nayo italazimika kurekebishwa TRA.

Mkimaliza hedi, nafasi ya tapeti (upenyo kati ya roka na valvu) iwe inchi 0.010 kwa valvu zote. Kazeni tena boliti za hedi baada ya siku chache za kuendesha, kisha pimeni tapeti upya, kwa sababu kukaza hedi hubadilisha nafasi hiyo.