Mgongo Mpana Hujengwa kwa Kuvuta

Ingia jimu yoyote ya mtaani hapa Mombasa jioni, iwe Likoni au Majengo, utakuta vijana wanapishana kwenye benchi la kifua na chuma cha kujivutia hakina mtu. Kila mmoja anajenga anachokiona kwenye kioo. Mimi nimefanya mazoezi kwa miaka, na kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na mgongo. Ndio unaompa mtu umbo, na ndio unaoyaweka mabega yasije yakaporomoka mbele.

Zoezi la kwanza ni kujivuta. Shika chuma viganja vikitazama mbele, mikono ipite kidogo upana wa mabega. Kabla hujapanda, shusha mabega. Halafu vuta viwiko chini, kama unataka kuvitia kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Hapo ndipo ile misuli mipana ya ubavuni, tunayoiita mabawa, inaposhika kazi. Ukifikiria viganja tu, mikono itachoka na mgongo haujaguswa. Huwezi hata mara moja? Panda juu ya kigoda, kidevu kipite chuma, kisha jishushe polepole kwa sekunde nne au tano. Misuli ina nguvu zaidi ya kushusha kuliko ya kupandisha, kwa hiyo anzia hapo bila haya.

La pili ni kuvuta uzito ukiwa umeinama, na hili ndilo linalojaza nyama katikati ya mgongo. Huna dambeli? Mtungi wa maji wa lita 20 unatosha kabisa. Egemeza mkono mmoja kwenye kiti, nyoosha mgongo, vuta mtungi hadi kwenye nyonga, tulia kidogo, shusha taratibu. Uzuri wake ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja: anza na lita 10, na kila ukizoea ongeza moja. Mwili haukui kwa uzito uleule mwezi baada ya mwezi. Andika daftarini ulichofanya.

Dedilifti, yaani kuinua chuma chenye uzito kutoka sakafuni hadi usimame wima, naipenda kwa misuli inayoshika uti wa mgongo, lakini haikupi upana kama kujivuta. Ukiifanya, mgongo usipinde, na chuma kisiachane na miguu. Maumivu makali yakishuka mguuni, acha na umwone daktari.

Mara mbili kwa wiki zinatosha, jumla ya seti (mizunguko ya zoezi bila kupumzika) 10 hadi 15 kwa wiki, kila seti marudio 6 hadi 12, ukiishia pale ambapo bado ungeweza rudio moja au mawili zaidi. Pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti. Kwa joto letu hili, mtu hutamani kumaliza haraka akaoge. Vumilia, au fanya alfajiri.

Chakula nacho kisisahauliwe. Lenga gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 anahitaji kama 112 kwa siku. Samaki, mayai, maharagwe na kunde vyote vinapatikana sokoni Kongowea.

Na Ramadhani ikiingia, usiache. Fanya baada ya futari, chakula kikishatulia, punguza seti lakini uzito ubaki uleule. Misuli uliyoijenga haitakwenda popote.