Usichimbe chini zaidi: kisima na kijito vitumie kwa zamu

Kijana mmoja wa Bumbwini, Unguja, kaniandikia: "Ami, shikamoo. Tungule (nyanya) zangu zinaungua ncha za majani, maji ya kisima yameingia chumvi, na fundi ananiambia nichimbe zaidi. Nifanyeje?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaotaka kulima kiangazi, tungule zinapokuwa na bei, kwa hiyo naandika na hapa.

Usichimbe. Katika visiwa hivi maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi. Kwa hesabu ya kawaida, mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa, ya juu yakishuka kidogo tu, chumvi inapanda sana. Kuongeza kina ni kuifuata chumvi kwao.

Mimi nalima Pemba, upande wa Wete, kwenye mteremko unaoshukia bonde la mpunga, na mbele ya bonde ni hori la mikoko. Nina kisima, na kijito kinapita chini. Masika na vuli, mvua ikikatika, namwagilia maji ya kijito; pampu ya kisima haiwashwi. Walinicheka mno. "Kachimba kisima cha kutazama!" Mtu wa karibu yangu kabisa aliyasema hayo barazani, mbele za watu, na mpaka leo yananiuma. Kaskazi ya mwaka huu bonde likakauka, visima vya wenzangu vikageuka chumvi, na hicho cha kutazama ndicho kilichonivusha. Tungule, bilingani, pilipili boga, zote zimefika soko la Chake. Waliocheka sasa wanakuja na madumu kuomba maji ya kunywa. Nawapa.

Kiangazi chenyewe sivuti ovyo. Kwenye kamba ya ndoo nimefunga kitambaa chekundu. Maji yakishuka chini ya alama ile, nazima pampu mpaka yarudi, hata kama matuta hayajaisha. Kijito kikipungua, maji yake nayachanganya na ya kisima kwenye tangi. Maharage na vitunguu huumizwa na chumvi mapema kuliko tungule, basi hivyo vipewe ya kijito.

Na jamani, kijito kinachotiririka wakati hakuna mvua kinalishwa na maji ya ardhini kupitia chemchem. Ukikausha kimoja umekausha vyote. Msikate miti ya kwenye chemchem! Chimbeni makinga maji kwenye mteremko, mvua za masika zizame badala ya kukimbilia baharini. Maji ni amana, na wa chini yako naye ana watoto.

Kijana wangu, kisima hicho kipumzishe masika yote. Vuli ikiingia, vuta kidogo, onja, kisha niandikie.