Wiki mbili za kuitikia "ndiyo"

Juzi dada mmoja anayesoma Morogoro kaniandikia. Amepata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, anaondoka mwisho wa Septemba, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Shikamoo kaka. Hivi dagaa wanaruhusiwa kwenye begi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mwaka 2023, nilipokwenda mimi kusoma huko kwa ufadhili, swali langu kubwa nalo lilikuwa la dagaa.

Nimjibu kwanza ili tuhame hapo. Samaki waliokaushwa unaweza kuingia nao Umoja wa Ulaya kwa matumizi yako mwenyewe, mwisho kilo 20. Nyama hapana, hata ikiwa kavu kama ubao. Maziwa na vitokanavyo na maziwa hapana, kwa hiyo samli ya mama iache nyumbani hata akinuna. Embe linadai cheti cha afya ya mimea, ndizi hazidai. Dagaa tumewamaliza.

Sasa yaliyonikuta mimi, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na begi.

Nilifika Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, Jumamosi usiku, tarehe 30 Septemba 2023. Dar, Addis Ababa, Frankfurt, halafu treni ya mwendo wa masaa matatu na kitu. Kwenye stesheni, ambayo ni kubwa mpaka unajiuliza treni zote hizo zinakwenda wapi, nilipokelewa na binti mwenyeji, mwanafunzi aliyejitolea kutupokea wageni. Akanikabidhi ufunguo wa chumba, akanipandisha tramu, treni ndogo ya mjini, na njia nzima akawa ananieleza mambo kwa Kiingereza cha haraka. Nilisikia "Jumapili", nikasikia "stesheni". Mengine yalipita. Akauliza, "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. "Una chakula cha kesho?" Ndiyo.

Nilikuwa na pakiti ya karanga na biskuti za kwenye ndege.

Mtanielewa nilivyokuwa. Darasani kwetu Dar nilikuwa wa pili. Nyumbani walinichangia nauli, mchungaji akaniombea mbele ya watu, shangazi akalia. Mtu aliyeagwa hivyo anaanzaje kumwambia binti wa miaka ishirini, "Samahani, sijasikia, rudia polepole"? Niliona nikiuliza nitakuwa nimeiaibisha nchi nzima.

Jumapili nilizunguka mtaa hadi mtaa na kila duka limefungwa. Ujerumani Jumapili maduka hayafunguliwi, ni sheria. Nilikula karanga zangu kwa hesabu, kumi kumi, huku nikimtumia mama picha ya jengo zuri la jirani. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipojua yule binti aliniambia nini kwenye tramu: Jumapili, maduka ya vyakula ya stesheni huwa wazi. Nililala njaa dakika kumi na tano kutoka mahali nilipoteremkia.

Jumatatu nikanunua mkate na chupa sita za maji. Maji yenyewe yalikuwa na gesi, kama soda iliyosahauliwa sukari, na hakuna aliyeniambia kwamba ya bombani ni safi, yananyweka tu. Nilikunywa kwa shida, nikatupa chupa kwenye pipa la mtaani. Mzee mmoja, amevaa vizuri tu, akatoa tochi mfukoni, akamulika ndani ya pipa, akazitoa moja moja na kuzipanga kwenye mfuko wake. Nikamhurumia. Kumbe kila chupa ya namna ile ina amana ya senti 25, unairudisha dukani kwenye mashine na kupewa pesa yako. Nilikuwa nimemtupia yuro moja na nusu, na kwa hali niliyokuwa naelekea, wa kuhurumiwa nilikuwa mimi. Jumanne ikawa tarehe 3 Oktoba, sikukuu yao ya muungano. Maduka yamefungwa tena.

Lakini "ndiyo" iliyonigharimu kweli ni ya tatu.

Ukihamia kwenye nyumba Ujerumani unatakiwa uandikishe anwani yako ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Huandikishwi bila fomu iliyosainiwa na anayekupangisha. Bila uandikisho, benki niliyokwenda haikunifungulia akaunti. Bila akaunti, pesa ya ufadhili haina pa kuingilia. Ni mnyororo, na pete ya kwanza ilikuwa kwa mzee msimamizi wa hosteli, ambaye fomu hizo alizisaini siku moja tu kwa wiki.

Mzee yule hakujua Kiingereza. Watu wa umri wake upande ule wa mashariki shuleni walifundishwa zaidi Kirusi. Akaniambia: "Mittwoch, halb neun." Nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimesoma Kijerumani miezi mitatu na maneno yote nilikuwa nayo. Mittwoch ni Jumatano. Halb ni nusu. Neun ni tisa. Tisa na nusu! Na kwa kuwa mimi ni Mswahili mwenye akili, nikageuza saa yao kuwa yetu: tisa yao ni tatu yetu, kwa hiyo saa tatu na nusu asubuhi. Akauliza kama nimeelewa. Ndiyo, ndiyo, nikamwitikia kwa Kijerumani kabisa.

Jumatano nikatokea saa tatu na dakika ishirini, nimepiga pasi shati. Mlango umefungwa. Nilisimama pale hadi saa tano.

Wajerumani wakisema "nusu tisa" wanamaanisha nusu ya kuiendea tisa. Yaani saa mbili na nusu yetu. Na kule Leipzig wako wanaosema "robo tisa" wakiwa na maana ya saa mbili na robo. Kosa la saa moja likanisukuma wiki nzima, maana fomu niliipata tarehe 11, ofisi ya mji nafasi ya karibu ikawa tarehe 24, na pesa ya ufadhili niliiona Novemba. Oktoba nzima niliishi kwa yuro themanini na kitu zilizobaki baada ya kulipa amana ya chumba.

Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Kulikuwa na kaka mmoja Mtanzania palepale mjini, tuliyepita naye shule moja. Nilimwandikia mara nne. Tiki za bluu zote nne, jibu hakuna. Desemba tukakutana kwenye sherehe ya Watanzania, akanikumbatia kwa nguvu, "Mdogo wangu! Mbona hukunitafuta?" Nikacheka naye. Simtaji jina, na kama anasoma hapa, basi anasoma.

Aliyenisaidia ni mtu ambaye hanijui. Kuna barabara inaitwa Eisenbahnstraße, maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika yamepangana. Nilikuwa nimeshika pakiti ya chenga za mahindi, naigeuza nione kama inaweza kuwa ugali, nikijisemea kwa sauti. Nyuma yangu mama mmoja akauliza, "Uko mutu wa wapi?" Kiswahili cha Bukavu, Kongo. Katika wiki mbili hakuna aliyeniuliza swali kwa lugha ninayoota nayo. Nilitaka kusema "niko salama tu mama", mdomo ukakataa. Nikamweleza yote, njaa, fomu, saa tisa na nusu, nusura nilie mbele ya rafu ya mchele. Akanichukua kwake nikala fufu na sombe, yaani ugali wao na kisamvu, na kesho yake mwanawe wa darasa la nane akanisindikiza benki kama mkalimani. Mtoto wa miaka kumi na nne alimaliza kwa dakika ishirini nilichoshindwa kwa siku kumi: kujua ni karatasi gani iliyokosekana na niipeleke lini.

Kwa hiyo wadogo zangu, ulizeni. Mkiambiwa saa, iandikeni kwa tarakimu kwenye karatasi, mwonyesheni mtu: 8:30? Mkiulizwa "umeelewa" na hamjaelewa, semeni hapana. Mimi najua tunavyolelewa. Mkubwa akisema, unaitikia. Mwalimu akiuliza nani hajaelewa, darasa kimya. Tabia hiyo nyumbani inaitwa adabu. Kule yule mzee aliamini nimemwelewa, akaondoka na dhamiri safi. Uliza, halafu uliza tena. Na ninyi mliotangulia, jibuni meseji za watu. Sentensi moja haimalizi bando.

Mengine ni ya kawaida, mtayazoea. Giza la Novemba, utulivu baada ya saa nne usiku, barua ya ada ya redio na televisheni (wakati wangu yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, mkiishi kadhaa mnagawana). Matokeo yakitoka msishtuke. Nilipata 1.7 kwenye somo moja, nikampigia mama simu kwa majivuno, nikasikia kimya, kisha, "Tutamwomba Mungu, mwanangu." Ilibidi nimweleze kwamba kule moja ndiyo juu na tano ndiyo kufeli.

Ile Jumatano ya pili nilifika saa moja na dakika arobaini, jua limetoka punde tu. Mzee alikuja saa mbili na nusu kamili, akanitazama, akatazama saa yake. Akaigeuza fomu yangu, akachora duara, mshale mfupi katikati ya nane na tisa, mrefu kwenye sita, akaipaka wino ile nusu inayoelekea tisa. Akasaini upande wa pili. Ofisi ya mji waliipokea hivyohivyo, na saa yake nyuma.

Umeniuliza pia, mdogo wangu, koti ununue Dar au huko. Nenda Karume, soko la mitumba. Langu nililipata pale kwa shilingi 25,000, na ndani lina lebo ya duka la Hamburg.